Hadubini na maelekezo yake

Michoro ya vifaa inayotolewa bure ni mingi, ila mara nyingi ukiifungua unakuta faili tupu. Hujui uanzie wapi, skrubu ni za ukubwa gani, wala lile tundu la pembeni ni la nini. Mwenye kuichora anajua, lakini wewe hukuwa naye.

OpenFlexure si ya namna hiyo. Ni hadubini iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikaendelezwa Bath, na sehemu zake nyingi hutoka kwenye printa ya 3D. Mwili huchapwa kipande kimoja. Miguu yake myembamba ya plastiki hujipinda badala ya kuteleza, na kwa kujipinda huko sampuli husogezwa kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja.

Ufundi huo unasifiwa sana, na unastahili. Mimi navutiwa zaidi na maelekezo. Kabla ya kuchapa mwili mzima unashauriwa uchape mguu mmoja wa majaribio; ukitoka na kasoro, umepoteza plastiki kidogo tu na umeshajua printa inataka kurekebishwa. Kisha unachapa vifaa viwili vidogo: kimoja cha kusukumia nati mahali ambapo kidole hakifiki, kingine cha kuingizia mpira wa duara hadi unase kwenye ndoano za ndani. Havibaki ndani ya hadubini. Vipo kwa ajili ya mikono ya mtu asiyejulikana, na hapo ndipo ninapopima ubora wa mchoro wowote: je, aliyeuandika alimfikiria huyo mtu?

Orodha ya vipuri nayo haiandikwi kando. Programu ya GitBuilding, inayotumika kuandaa maelekezo haya, hukusanya kila skrubu iliyotajwa kwenye hatua za kuunganisha na kujumlisha yenyewe, hivyo orodha na hatua hazipingani.

Dar es Salaam, Bongo Tech & Research Labs wamezitengeneza hadubini hizi, na Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuzijaribu kwa kutazama vimelea vya malaria. Kwenye kazi kama hiyo kipuri kikivunjika hakisubiri meli. Kinachapwa hapo hapo. Ila fundi lazima ajue anachapa kipi. Ndiyo maana matoleo ya mchoro yana namba, na mabadiliko huwekwa kwenye kumbukumbu iliyo wazi, ili mwenye hadubini ya toleo la zamani apate faili za toleo lile lile.