Winga wa Bariadi na Cha Juu Chake

Kijana anayeuza bidhaa mtandaoni mjini Bariadi, mkoani Simiyu, mara nyingi hana duka wala stoo, na mzigo anaoutangaza hajawahi kuushika. Sokoni Kariakoo wanamwita winga. Anasimama kati ya mwenye duka wa Dar es Salaam na mteja wa Itilima au Maswa, anaweka cha juu chake, na analazimika kuaminiwa na pande zote mbili. Majirani wanaona mtu anayeshinda anachezea simu. Ukweli ni kwamba kazi hiyo ina ufundi wake, na mahali inapokwama panajulikana.

Asubuhi inaanzia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye maduka, ambako picha za mashuka, viatu na vitenge humiminika. Winga mzembe anazifowadi zilivyo, namba ya mwenye duka ikiwa imebaki pembeni ya picha. Mteja akiiona anapiga huko moja kwa moja, na winga anabaki amemaliza bando lake kumtangazia mtu mwingine. Mjanja huikata picha, huandika jina lake na bei juu yake, ndipo anapoiweka status.

Kwa nini status, wakati TikTok ina watazamaji wengi zaidi? Kwa sababu watazamaji si wateja. Video ya kitenge ikishika kasi TikTok inaweza kutazamwa Mbeya, Mombasa hata Muscat, na asipatikane mtu mmoja wa kuja kuchukua mzigo stendi ya Bariadi. Status ya WhatsApp inafanya kazi kinyume: kwa kawaida anaiona yule tu ambaye umesevu namba yake na yeye amesevu yako. Hata ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa pamoja, ambao orodha yake moja inachukua watu 256, haumfikii asiyeisevu namba ya mtumaji. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa winga ni kuwemo kwenye simu za watu, na ombi la “nisevu, nikusevu” lina uzito kuliko wafuasi elfu wasiojulikana wanakoishi. Baada ya saa 24 status inafutika, kazi inaanza upya.

Kuna tabia moja inayostahili kulaumiwa: “bei inbox”. Wanaoitumia hudai kwamba inamlazimisha mteja kuanzisha mazungumzo. Kwa mama wa kijijini Meatu mwenye MB za kuhesabu, inamwambia tu kwamba bei itategemea sura yake. Anapita.

Anayeuza vijijini hujifunza pia kuacha kuandika. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa Kisukuma, unaoeleza kitambaa kina urefu gani na kama rangi inachuja, hujibu maswali ambayo maandishi yangeyaacha yakining’inia, na humfikia hata asiyependa kusoma kwenye kioo kidogo.

Kisha kuna kalenda, ambayo mafunzo ya masoko ya mtandaoni kutoka Dar ni nadra kuitaja. Simiyu ni mkoa wa pamba. Msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida karibu na mwezi Mei, na pesa za wakulima huanza kuzunguka miezi inayofuata. Huo ndio wakati wa kutangaza magodoro, simu na taa za sola. Atakayevitangaza Februari, watu wakiwa shambani na mifuko imekauka, atapata maswali mengi na oda chache. Januari ni ya sare na mabegi ya shule.

Sehemu ngumu kuliko zote ni malipo. Nchi imezoea matapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii”, hadi Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaweka namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa aina hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, uliipa nguvu silaha ambayo mawinga wengi hawaitumii: mteja anapolipa, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha. Jina hilo likitofautiana na lile lililo kwenye picha, mteja hughairi. Lipa namba yenye jina la biashara lilelile inamaliza ubishi huo. Mzigo ukishapakiwa, picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari inatumwa hapohapo, na mteja wa Busega anaambiwa mapema kama atapokea Lamadi.

Tuseme shuka limenunuliwa kwa shilingi 18,000, nauli ya mzigo ni 2,000 na makato ya kutuma pesa ni 1,000. Likiuzwa 25,000, cha juu ni 4,000, bando bado halijatolewa. Mteja mmoja akikataa mzigo stendi, faida ya mashuka kadhaa imekwenda.

Hesabu hiyo ingekuwa nyepesi kwa bidhaa za hapahapa. Chini ya mkuu wa mkoa wa wakati huo, Anthony Mtaka, Simiyu ilitangaza mpango wa wilaya moja, bidhaa moja. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu vikajulikana, na Nane Nane ya kitaifa ikafanyika Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020. Leo status za vijana wa Bariadi zimejaa mzigo wa Kariakoo, huku asali, mchele na michembe vikionekana kwa nadra.

Na yote hayo yanategemea mtandao ambao winga haumiliki. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa hiyo namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari, pamoja na oda na kijiji cha kila mmoja. Simu ya kawaida haihitaji intaneti.