Pongezi kwa Waliotibu Winchester ya 1873

Mnamo Novemba 2014, wanaakiolojia wa Hifadhi ya Great Basin, jimboni Nevada, waliikuta bunduki imeegemezwa kwenye mti wa mreteni. Ilikuwa Winchester ya modeli ya 1873, iliyotoka kiwandani mwaka 1882. Kitako kilikuwa kimepasuka na kufukiwa na udongo, mtutu umeshika kutu. Aliyeiacha hapo hajulikani.

Ziliundwa zaidi ya laki saba za modeli hiyo. Mwindaji alisukuma wenzo chini, ganda likaruka nje. Akaurudisha, risasi mpya iliyotoka kwenye mrija ulio chini ya mtutu ikaingia chembani. Ilikuwa bunduki ya watu wa kawaida.

Lakini pongezi zangu ni za mafundi wa makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, ambako bunduki ilipelekwa kuhifadhiwa. Wangeweza kuing'arisha ionekane mpya, na wageni wangefurahi. Hawakufanya hivyo. Waliipiga picha ya eksirei katika hospitali ya mjini humo kuhakikisha haina risasi chembani, wakagundua moja imefichwa ndani ya kitako! Kisha wakaimarisha mbao zisiendelee kubanduka, wakaondoa uchafu, na kuacha kutu pamoja na weupe wa jua jinsi vilivyokuwa. Kujizuia namna hiyo ndio ufundi wenyewe, nao ni adimu.

Bunduki ilirudishwa Great Basin, na huko ndiko inakooneshwa kwa wageni. Mafundi wa Cody, hongereni sana.