Kona Nyeusi ya Picha ya Nyota

Mara ya kwanza kuiona picha iitwayo Nguzo za Uumbaji, niliidharau. Ilikuwa kwenye simu ya mwenzangu wa darasa, kioo kimepasuka, bando linakaribia kuisha. Minara mitatu ya kahawia imesimama kama vichuguu, nyuma yake mwanga wa kijani na samawati. Nikasema, hii si kama kalenda ya kanisa tu? Inapendeza, basi.

Leo ndiyo picha ninayoitetea. Ila kwanza niseme lawama yake, maana ni ya kweli: rangi zile siyo zile ambazo jicho lingeziona.

Darubini ya Hubble iliipiga mwaka 1995, juu kabisa nje ya hewa yetu. Ilipitisha mwanga kwenye vichujio, kila kimoja kwa gesi yake: haidrojeni, salfa, oksijeni. Kila picha ilitoka nyeusi na nyeupe. Wanasayansi Jeff Hester na Paul Scowen wakaipa haidrojeni kijani, salfa nyekundu, oksijeni bluu. Kumbe kwa macho, mwanga ule wa haidrojeni na ule wa salfa yote ni mwekundu. Ukiuacha hivyo hutajua kipi ni kipi.

Nilipoelezwa, nilijiona nimedanganywa. Baadaye nikakumbuka ramani ya kambi: bomba la maji limechorwa bluu, zahanati nyekundu. Nani amewahi kulalamika kwamba bomba lenyewe siyo la bluu? Rangi ya ramani inakuonyesha njia. Na hii picha ni ramani ya gesi na vumbi, mahali nyota zinapozaliwa, umbali wa takriban miaka-nuru 6,500.

Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilipiga mahali palepale kwa mwanga wa infraredi, ambao unapenya vumbi. Minara ikawa kama moshi, na nyota zilizojificha zikajaa kila upande. Wenzangu wengi wanaipenda hii mpya, na ni kweli inaonyesha mengi zaidi. Mimi bado nashikilia ile ya 1995, sababu ni kona yake.

Kona ya juu, kulia, ni nyeusi, imekatika kama ngazi. Kamera ile ilikuwa nne ndani ya moja, na mojawapo ilikuza zaidi, kwa hiyo iliona eneo dogo. Walipoziunganisha kwa kipimo kimoja, pakabaki pengo. Wangeweza kulipaka rangi, au kupunguza picha wakaficha. Waliliacha. Picha inakwambia wazi: hapa sikuangalia.

Ni picha ngapi za kambi zenye kona kama hiyo? Bango linaonyesha mtoto anacheka chini ya turubai jipya. Kando yake wamekata. Nasi waandishi hatujambo kwa kukata: tunaandika njaa na machozi, tunaacha harusi ya Jumamosi iliyopita. Kila mmoja anapunguza picha mpaka ionekane imekamilika.

Mwezi wa saba, jioni, nilitoka kuzitafuta Nguzo zenyewe. Ziko kwenye kundi la nyota liitwalo Nyoka, na huku kwetu karibu na ikweta hupita juu sana. Kwa macho matupu huoni mnara wowote, unaona tu ule ukungu mweupe wa Njia ya Maziwa. Ukitoka na picha kichwani utarudi umenuna. Mimi nilikaa nje mpaka shingo ikauma, na ukungu ule ukaanza kunitosha.

Mama akaniita, "Wee mwanangu, unatafuta nini gizani?"

Hapo nikanyamaza. Wageni hutusifia anga letu, eti hakuna taa za kuliharibu. Lakini giza hilohilo ndilo linamfanya mama asiende chooni peke yake usiku. Makala inayosifu nyota za kambini bila kusema hilo imekata kona, hata hii yangu ingekuwa imekata.

Siombi tuchague. Taa ya sola ikifunikwa kofia juu, mwanga wake unashuka njiani na anga linabaki. Wanaopanga taa za njia ya choo walifikirie. Mama aende na arudi salama, halafu nimwonyeshe ukungu ule uko wapi.