Ahadi ni Deni: Maoni juu ya Mnara wa Askari na Safari za Wazee wa Vita

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna desturi njema ambayo haijaota mizizi kwetu. Askari wa zamani, akiisha kuwa mkongwe asiyeweza kusafiri peke yake, huchukuliwa na watu wenye huruma hadi mahali alipopigana, au mahali palipojengwa mnara wa kuwakumbuka wenzake. Gharama hulipwa kwa sadaka. Mjini London madereva wa teksi walianzisha chama cha namna hiyo mwaka 1948, na hata leo huwachukua wazee katika magari yao bila ya kudai nauli. Mwezi wa Juni 2024, ilipotimu miaka 80 tangu majeshi kushuka pwani ya Normandy, wachache waliosalia walivushwa bahari hadi Ufaransa. Huko, katika kijiji cha Ver-sur-Mer, upo mnara wenye majina 22,442 ya watu waliokufa chini ya amri ya Waingereza.

Mzee afanya nini afikapo penye mnara? Hatazami urefu wa nguzo wala weupe wa jiwe. Hutafuta jina. Akiisha kuliona huliwekea kidole, na hapo ujana wake wote humrudia. Kwa hiyo yafaa tukubaliane tangu mwanzo kwamba thamani ya safari hizi haimo katika gari wala katika chakula cha njiani. Imo katika jina linalomngoja mzee mwisho wa njia. Mnara usio na jina ni kama nyumba ambayo mgeni hubisha hodi asiitikiwe.

Sasa na tuigeuze habari hii upande wa nyumbani. Ikiwa mtu mwema wa Kisii au Nyamira atakodi gari ampakie mzee wa vita, au mwana wa mpagazi aliyekufa vitani, amwambie, "Baba, twende tukautazame ukumbusho wenu," gari hilo litakwenda wapi? Jibu la kwanza litakalomjia mtu ni Nairobi, mwendo wa kilomita 300 hivi, kwenye barabara ya Kenyatta, zilipo sanamu tatu za shaba zilizofunuliwa mwaka 1928. Mnara huo ndio nitakaoupima katika maoni haya, kama vile mhakiki apimavyo shairi: kwanza kwa wema wake, kisha kwa upungufu wake.

Ili tuupime kwa haki, yatupasa kujua kwanza ni watu gani wanaokumbukwa. Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 havikuwa habari ya mbali kwa Abagusii. Tarehe 12 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kilipigana na Waingereza hapo hapo Kisii, mji ambao wenyeji huuita Getembe. Kiongozi wa kikosi cha Waingereza aliuawa. Wenyeji waliochukua mali katika mji ulioachwa bila ya mwenyewe waliadhibiwa vikali baadaye. Kisha likaja jambo lililoingia katika nyumba nyingi zaidi. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwashurutisha watu kuwa wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, akapewa kazi ya kusimamia msako mkubwa wa watu hao. Vijana wa milima ya Kisii walitolewa katika baridi ya kwao wakapelekwa Tanganyika kubeba unga, risasi na majeruhi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Walio wengi waliuawa na malaria, kuhara damu, kichomi na njaa. Hesabu ya serikali ilitaja kiasi cha wapagazi 45,000 wa nchi hii waliokufa, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Mishahara ya wengi katika hao haikupata kuwafikia jamaa zao.

Hao ndio watu. Sasa tuutazame mnara wao. Wema wake wa kwanza ni kwamba mchongaji hakumsahau mpagazi. Amemsimamisha pamoja na askari wa Keya na mpiga bunduki Mwarabu, wote watatu juu ya msingi mmoja. Minara mingi ya vita duniani humtukuza mwenye silaha na kumwacha mwenye mzigo. Wema wa pili umo katika maandishi, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na ambayo maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Humo wapagazi wasemwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hilo ni neno la kweli, kwa sababu katika nchi isiyo na barabara, na ambamo mbung'o waliua farasi na ng'ombe, jeshi lisingalitembea hata siku moja bila ya mabega ya watu.

Lakini maandishi hayo yana aibu mbili. Ya kwanza ni kule kusema kwamba watu hawa walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Msomaji na akumbuke kwamba askari wa mfalme huyo walikuwa wamewapiga Abagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908. Kijana aliyeona boma lake likichomwa moto mwaka 1908, naye akakamatwa kwa upagazi mwaka 1917, hakuwa na mfalme wa kumfia. Kusema kwamba alijitolea ni kumvika marehemu kanzu ambayo hakuishona.

Aibu ya pili ni kubwa zaidi. Maandishi yanamalizika kwa ahadi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji akizunguka mnara mzima hataona jina hata moja la mpagazi. Miguu ipo, mikono ipo, uso haupo. Na tusidhani kwamba ilikuwa shida ya nafasi katika jiwe. Taarifa iliyotolewa mwezi wa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa mojawapo ya sababu. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo.

Upungufu huu waumiza zaidi katika Kisii na Nyamira kuliko Mwingereza aliyetunga ahadi ile alivyoweza kujua. Kwa Abagusii jina la marehemu hurithishwa mtoto azaliwaye, ili mzee asipotee katika ukoo. Watu wa desturi hiyo hawakuhitaji kufundishwa na shaba kwamba wana hulikumbuka jina la baba. Waliitimiza ahadi wao wenyewe majumbani, na mnara ndio ulioivunja.

Vita vya pili viliacha kumbukumbu iliyo afadhali. Meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ilipokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, na askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki wakafa maji. Wengine walianguka katika misitu ya Burma mwaka huo huo. Wasio na makaburi wamechongwa majina yao, wale wa melini katika makaburi ya vita yaliyo barabara ya Ngong, Nairobi, na wale wa Burma katika mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon. Huko safari ya mzee ina maana, kwa maana kidole chake chaweza kupata pa kutua. Kadhalika, Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023, wakongwe kadhaa walikutanishwa naye penye makaburi ya vita Nairobi, wakapewa nishani badala ya zile walizopoteza. Lilikuwa jambo jema, ingawa lilichelewa kwa karibu miaka 80.

Wapo watakaosema: Mzee mkongwe hahitaji safari, ahitaji dawa na blanketi. Neno hilo lina haki yake. Baada ya vita kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa kidogo mno kuliko cha mwenzake mzungu wa cheo kile kile, na umaskini wa wazee wengi ulianzia hapo. Lakini anayeuliza tuchague kati ya mkate na heshima anatuuliza swali ambalo mzee wa Normandy hakuulizwa. Yeye alipewa vyote viwili. Wetu naye astahili vyote viwili, na dawa itangulie.

Kwa hiyo nasema hivi: maadamu mnara wa Nairobi hauna majina, safari na igeuzwe. Badala ya kumchukua mzee kwenda penye ukumbusho, ukumbusho na uende nyumbani kwa mzee. Jambo hili si ndoto. Mjini Cape Town, mwezi wa Januari 2025, ulifunguliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Vita Kuu vya kwanza waliosahauliwa kwa miaka 100. Majina hayo yalipatikana kwa sababu mtu alikaa akatafuta.

Askari aliyekuwa na miaka 18 vita vya pili vilipokwisha alizaliwa mwaka 1927. Hesabu mwenyewe umri wake, msomaji, utajua kwamba muda uliobaki ni mfupi. Wapagazi wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wapo Nyaribari, Kitutu, Bobasi na Mugirango, na majina yao yangali vinywani mwa akina mama na wazee. Shule zilizo katika kaunti hizi mbili ni nyingi, na kila shule ina daftari na kalamu. Mwanafunzi akiandika jina, ukoo, kijiji, mwaka wa kuondoka na kama alirudi, amefanya kazi ambayo mnara wa shaba haukuifanya tangu 1928. Madaftari hayo yakikusanywa, wenye mamlaka ya kuchonga hawatakuwa na udhuru tena wa kusema kwamba majina hayajulikani. Na hapo ndipo tutakapokodi gari.