Sehemu Kadhaa, Alasiri

Wiki ya Aprili hapa Kinoo hupangwa na mtu asiyekaa Kinoo. Fundi anayetaka kumwaga slabu ya ghorofa ya nne, mama fua mwenye lundo la blanketi, kijana wa bodaboda anayejua kuwa njia ya kwao ikilowa haipandiki: wote wanangoja mistari miwili mitatu kutoka Dagoretti Corner, Barabara ya Ngong, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mistari yenyewe haina mapambo. Mawingu na manyunyu asubuhi, kisha vipindi vya jua. Alasiri mvua ya radi katika sehemu kadhaa. Usiku mvua katika sehemu chache. Mimi ni mpenzi wa mistari hiyo, na sioni haya kusema.

Kutabiri mvua hapa ni kugumu kuliko London. Kule mvua nyingi huja na mkanda mrefu wa mawingu unaovuka Atlantiki, na mtabiri huweza kuufuata siku kadhaa kabla haujafika. Sisi tuko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Dhoruba yetu mara nyingi haisafiri kuja. Huzaliwa papa hapa. Jua la saa nne huchemsha ardhi iliyolowa jana, hewa ya joto hupanda na unyevu wake, wingu huvimba, na kufikia saa tisa au kumi alasiri radi zimeanza. Ardhi nayo ina makuu yake. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko nchi inapanda kupita Dagoretti, Kinoo na Kikuyu hadi Limuru, mvua ikizidi kadiri unavyopanda. Halafu ghafla inaporomoka kwenye Bonde la Ufa, Mai Mahiu. Nani awezaye kusema Jumatatu kwamba Alhamisi itanyesha Muthiga na kuiruka Uthiru? Hakuna. Mtabiri mzuri hajaribu.

Badala yake husema sehemu kadhaa, na hapo ndipo namvulia kofia. Maneno hayo yamepimwa. Sehemu chache ni chini ya asilimia 33 ya eneo linalotajwa. Kadhaa ni kati ya 33 na 66. Nyingi ni zaidi ya hapo. Aliyeanika blanketi zikakauka vizuri siku ya sehemu chache hakudanganywa, ingawa jioni atamcheka mtu wa hali ya hewa pale dukani. Kila mtu humcheka. Ni kazi ambayo ukipatia hakuna anayekumbuka.

Vipimo vyake ni vya subira. Kila siku saa tatu asubuhi kipima mvua husomwa, maji ya saa 24 zilizopita yakaandikwa kwa milimita. Dagoretti hurusha pia puto lililobeba kifaa kidogo cha redio, likipima joto, unyevu na upepo hadi zaidi ya kilomita 20 angani kabla ya kupasuka. Kompyuta hufanya hesabu zake. Kisha binadamu hukaa na kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha ufundi wote: upepo unatoka wapi?

Kwa kawaida unyevu wetu hutoka mashariki, Bahari ya Hindi. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka magharibi, ukileta hewa nyevu ya Kongo, nyanda za juu hupata mvua ya kweli. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa mashariki wa Madagaska, vikavuta upepo huo hadi kwetu, na Kenya ikalowa kupita kiasi. Machi 2019 kimbunga Idai kilipita ng'ambo ya pili, kati ya Madagaska na Msumbiji, kikaipiga Beira. Huku kwetu masika yakachelewa na wakulima wakatazama juu bure. Bahari ile ile, mwezi ule ule, matokeo kinyume. Kwa hiyo anayeandika kuhusu alasiri ya Kinoo lazima kwanza atazame Madagaska, na msomaji hataona hata dalili ya kazi hiyo katika ule mstari wa mwisho.

Basi, jirani wa Kinoo, usome mstari mzima. Usiishie kwenye neno mvua. Angalia ni saa ngapi na ni sehemu ngapi, kisha usome utabiri mpya wa kesho yake, maana ule wa siku saba huchakaa haraka. Na tahadhari ikitaja zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24, jua kwamba milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja: paa la mabati la mita za mraba 50 litamwaga lita 1,000. Zibua mtaro, tega tangi, na slabu ingoje.