Imla ya Jumamosi

Mwalimu mmoja ninayemfahamu husahihisha imla kwa kalamu ya risasi. Wino mwekundu anao mfukoni, lakini huo ni wa madaftari ya Kiingereza na Historia, masomo aliyopangiwa kufundisha. Kifaransa alichokisomea miaka mitatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakimo kwenye ratiba ya shule yake. Anakifundisha Jumamosi, kwa vijana wachache wa mjini Bariadi, mkoani Simiyu, wanaokuja kwa hiari yao, bila ada na bila mtihani. Nilipomuuliza kwa nini risasi, alijibu kwamba makosa ya imla hutoka sikioni, na sikio la kijana bado linanyooka; ya nini kuyachora kwa wino?

Nilikaa dawati la nyuma nikamtazama akifanya kazi. Chaki ni za Maswa, zinatengenezwa wilaya ya jirani. Spika hakuna, projekta hakuna. Anasoma kifungu mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, kalamu zote zimelazwa, kazi ikiwa kusikiliza tu. Mara ya pili anakikata vipandevipande, kila kipande anakirudia, nukta na mkato akivitaja kwa Kifaransa. Mara ya tatu anakwenda mfululizo, na vijana wanaifuatisha kwa vidole mistari waliyoandika. Hapo ndipo unamwona mmoja anakunja uso, anafuta herufi, anairudisha, anaifuta tena. Herufi yenyewe haitamkwi. Kifaransa kimejaa herufi za namna hiyo, zinazoandikwa zisisikike, na ili uziweke mahali pake inabidi ujue sentensi yote imekaaje: nani anatenda, ni mmoja au ni wengi, ni wa kike au wa kiume. Anayemaliza imla bila kosa ameichambua sarufi ya kifungu kizima kichwani mwake, huku mkono ukiandika na sauti ya mwalimu ikizidi kwenda.

Nimewasikia watu, tena wasomi, wakisema kwamba shahada ya Kifaransa ni miaka mitatu ya kujifunza kuamkiana. Wangekaa dawati lile nililokaa mimi. Anayesoma Kifaransa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Dodoma, anasoma sauti na namna zinavyoumbwa mdomoni, anasoma sarufi, anatafsiri kwenda na kurudi, anasoma fasihi kuanzia tamthilia za Molière hadi riwaya za Waafrika wenzetu, Ferdinand Oyono wa Kamerun na Mariama Bâ wa Senegali. Anasoma pia adabu za watu. Kifaransa kina namna ya kumsemesha mtoto au rafiki, na namna nyingine ya kumsemesha mkubwa au mgeni, na ukizichanganya umekosa heshima. Vijana wa mjini jambo hili huwatesa. Msukuma, ambaye kwao binti hupiga goti kumwamkia mkubwa na salamu huulizia mpaka ukoo, haoni la ajabu hapo.

Na si adabu tu. Mtoto wa Kisukuma anakiendea Kifaransa na mtaji ambao hakuna anayeuhesabu. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba, na tena sauti inapanda na kushuka kwa maana. Aliyekulia Itilima au Meatu amezoea tangu mgongoni mwa mama yake kutofautisha irabu ambazo mtu wa Dar es Salaam angeziona ni moja. Akizifikia irabu za Kifaransa, zinazobanana mdomoni zikitofautiana kwa unywele, sikio lake limekwisha kuandaliwa. Tabu yake ni r. Wasukuma tunataniwa nchi nzima kwa kuweka l mahali pake, nayo r ya Kifaransa haifanani hata na hiyo ya Kiswahili inayotushinda. Inatoka kooni, jirani na gh ya mtu wa pwani anayetamka ghali sawasawa. Mwalimu wetu anasema aliifanyia mazoezi hosteli ya Mabibo kwa kusukutua maji, wenzake wakidhani anaumwa koo, mpaka siku moja ikatoka yenyewe akiwa kwenye foleni ya chakula.

Ufundi huu wa kujifunza lugha ya watu kwa sikio uliwahi kufika Usukumani zamani, lakini ukija kwa njia ya kinyume. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale mapadre wa kanzu nyeupe, uliondoka pwani kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria. Wengi walikuwa Wafaransa. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao Algiers mwaka 1868, aliwaagiza wajifunze lugha ya wenyeji upesi na kuitumia hata wao kwa wao. Historia ile ina mengi ya kulaumiwa, na wengine wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Hilo moja nalisifu: mtu mzima, msomi wa Kilatini, anakaa mbele ya mkulima wa mtama na kukubali kukosolewa matamshi.

Nikitaka kumwonyesha mtu ufundi huo ulivyo ukikomaa, humtajia Charles Sacleux. Alikuwa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, akafika Zanzibar mwaka 1879, kijana wa miaka ishirini na ushei. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Mwingine angetosheka hapo, akapokea sifa zake. Yeye aliendelea kukusanya, akarudi kwao Ufaransa, akaendelea huko huko, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikaanza kutoka Paris mwaka 1939, mwaka ule ule Vita Kuu ya Pili ilipoanza Ulaya, mwenyewe akiwa amepita miaka 80. Alifariki mwaka 1943.

Kurasa za kamusi hiyo zinazidi elfu moja. Neno halikuwekwa tu na maana yake. Limewekewa alama ya linakosemwa, kama ni la Kiunguja, la Kimvita, la Kiamu, la Kimrima au la Kingazija. Mmea ukitajwa, jina lake la kisayansi limo, maana padre yule alikuwa pia mtu wa mimea, akiikusanya na kuikausha. Ukiifungua kamusi ile unahisi kuna mtu aliyesimama sokoni, akakaa jahazini, akauliza jina la kila jani, kisha akaenda nyumbani usiku kuandika alichosikia na mahali alipokisikia. Hakujikweza juu ya waliomfundisha. Palipo na matamshi mawili ya watu wawili, aliyaandika yote mawili.

Mwalimu wetu alikutana na kamusi hiyo akiwa mwaka wa pili, maktabani, ametumwa na mhadhiri kutafuta jambo jingine kabisa. Alikuwa amekuja kutafuta Kifaransa, akajikuta anasoma Kiswahili. Hebu fikiri: Kisukuma alikinyonya, Kiswahili alikipata shuleni, na sasa alikuwa anasomeshwa maneno ya Lamu na Ngazija, ambako hajafika, kwa lugha ya mtu wa Ulaya aliyekwisha kufa zamani. Maneno mengine alikuwa hajawahi kuyasikia. Alisoma mpaka chakula cha mchana cha kantini kikampita. Ananisimulia hayo miaka mingi baadaye na bado anainua mkono kama anayefunua kurasa.

Kamusi ile ni hazina ya Kiswahili, lakini Mswahili asiyejua Kifaransa haiwezi. Kwa maoni yangu hilo peke yake lingetosha kuwa sababu ya kukifundisha Kifaransa Tanzania, na sijapata kulisikia likitajwa na yeyote anayekitetea. Watetezi wake hutaja ajira. Hutaja watalii wanaopita Lamadi, wilaya ya Busega, wakielekea Serengeti. Hutaja Jumuiya ya Afrika Mashariki: Rwanda na Burundi waliingia mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022, na wakuu wa nchi walikwisha kukikubali Kifaransa kiwe lugha ya Jumuiya. Sina ugomvi na sababu hizo. Ila anayekuja kwenye lugha kwa ajili ya mtalii peke yake atatosheka na sentensi zinazomfaa mtalii, na simu sasa inazisema sentensi hizo kwa niaba yake. Kule Lamadi nimeona vijana wakiisogeza simu mdomoni mwa mgeni, wanangoja ijibu, kisha wote wawili wanaitazama ile simu badala ya kutazamana.

Kazi inayohitaji zaidi ya hapo ipo, tena tumeiona hapa hapa nchini. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikakaa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Shahidi alisema Kinyarwanda, mkalimani akakigeuza Kifaransa, mwingine akakipokea na kukigeuza Kiingereza, na jaji akasikiliza mwisho wa mnyororo huo. Maneno yenyewe yalihusu ndugu waliouawa na majirani. Kila ninapomwona mwalimu akirudia kipande cha imla kwa sababu kijana amepoteza herufi moja isiyotamkwa, nawakumbuka watu wale waliokaa kwenye vibanda vya vioo Arusha, masikio yamefunikwa, wakiogopa kupoteza neno. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu bado iko mjini humo, na Kifaransa ni miongoni mwa lugha zake.

Sasa tazama tulivyofanya. Waliotutangulia walijitahidi: Molière alitiwa katika Kiswahili na A. Morrison kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, na mwaka 1973 L. Taguaba akatuletea Mnafiki. Riwaya ya Oyono tulikuwa nayo, ikiitwa Boi. Mtoto wa sekondari aliweza kumcheka mnafiki wa Paris kwa Kiswahili safi na kumtambua jirani yake ndani yake. Ingia leo duka la vitabu la mji wowote wa Kanda ya Ziwa uulize vitabu hivyo. Utaonyeshwa vitabu vya kiada na mitihani iliyopita. Mikononi mwa nani, basi, watoto wetu waipate ladha ya kile wanachoambiwa wakisome? Wahitimu wetu wa Kifaransa wangekuwa wametutafsiria rafu nzima kufikia sasa. Tumewapa madaftari ya masomo mengine wayasahihishe kwa wino mwekundu.

Na chuoni kwenyewe mambo si kama zamani. Kijana anakwambia Kifaransa hakukichagua, alijikuta nacho, anamaliza tu. Insha anaiandika kwa Kiswahili, anaipitisha kwenye programu ya simu, anaikusanya. Alama anapata. Amekosa zile saa za kukosea kwa sikio lake mwenyewe, ambazo ndizo shahada yenyewe, na akirudi Simiyu baada ya miaka miwili bila kukisema, kinamtoka chote, maana hakikuwahi kuingia. Mwalimu wa Jumamosi amekaa bila mtu wa kuzungumza naye Kifaransa kwa muda mrefu kuliko huo, na chake kipo. Anakilisha kwa redio usiku, na kwa kujisomea kwa sauti akiwa peke yake. Majirani wamekwisha kuzoea.

Hatadumu daima. Ana umri wa kuhamishwa, ana umri wa kupandishwa cheo na kuwekwa ofisini, na vijana wale hawana mwingine.

Kwa hiyo namwomba afisa elimu yeyote anayepanga walimu katika mkoa huu: ukikutana na jina lenye shahada ya Kifaransa, usilitumie kuziba pengo la Historia na kuliacha hapo. Mpe vipindi viwili kwa wiki, na chumba. Nawe mzazi ambaye binti yako amekwambia anataka tahasusi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kabla hujamuuliza ataajiriwa wapi, mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti, umsikilize mpaka mwisho.