Albert Pujols na Miaka Kumi ya Kushuka

Mwenzangu wa chumba hapa hosteli anapenda besiboli kama mimi. Jambo hilo si la kawaida Kampala, na kwa sababu hiyo hatuna mtu mwingine wa kubishana naye. Ubishi wetu mrefu kuliko yote ni kuhusu Albert Pujols. Yeye hushikilia kwamba Pujols alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa nyakati zote, kisha akakiharibu cheo hicho kwa kukataa kustaafu. Wapo wengine, hasa walioujua mchezo huu kupitia video fupi za mwaka 2022, ambao husema kinyume chake: kwamba nafasi yake miongoni mwa wakubwa alipewa na zile homurani 703. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja.

Niseme kwanza juu ya hilo neno. Kiswahili hakijapata jina lililozoeleka la pigo linalouvusha mpira juu ya uzio wa uwanja na kumruhusu mpigaji kuzunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu. Nitaliita homurani mpaka wahadhiri wetu watuletee jina bora. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Lakini katika darasa letu la Kiswahili wanaoweza kumweleza mrushaji na mpigaji hawafiki watatu, kwa hiyo nitajitahidi kwenda taratibu.

Pujols alizaliwa Santo Domingo mwaka 1980, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1999 vilabu vilipochagua wachezaji wapya, St. Louis Cardinals walimchukua katika raundi ya 13, baada ya majina 401 kutajwa. Miaka miwili baadaye, katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, alipiga homurani 37, akawaingiza nyumbani wakimbiaji 130, na wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.329. Maana yake ni kwamba katika kila zamu 1,000 zinazohesabiwa, alipata mapigo salama 329. Asiyeujua mchezo huu atauliza kama hiyo si chini ya nusu. Ndiyo, ni chini ya nusu, na ndivyo ulivyo. Katika besiboli anayekosa mara saba kati ya kumi huitwa bingwa. Nawaomba wasomaji wakumbuke hilo, kwa sababu nitalihitaji mbele.

Msimu ule haukuwa wa bahati. Kwa miaka kumi mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2010, hakuna mwaka ambao wastani wake ulishuka chini ya 0.300, wala homurani zake chini ya 30, wala wakimbiaji aliowaingiza chini ya 100. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuianza kazi yake hivyo. Mwaka wa kumi na moja, 2011, alimaliza na wastani wa 0.299 na wakimbiaji 99. Namba hizo mbili hunichekesha kila ninapozisoma. Ni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka kisimani kupanda mlima wote, akamwaga tone moja mlangoni.

Katika miaka hiyo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu: 2005, 2008 na 2009. Alikuwa pia mlinzi hodari wa kituo cha kwanza, jambo linalosahaulika kwa sababu watu hukumbuka mapigo kuliko glavu. Na hakuwa mpigaji wa nguvu bila akili. Wapiga homurani wengi hukosa mpira mara nyingi sana, kwa kuwa hurusha gongo kwa nguvu zao zote. Pujols hakuwahi kutolewa kwa kukosa mara 100 katika msimu wowote wa maisha yake, hata alipozeeka.

Kama ningepewa dakika tano za kumshawishi mtu, ningemwonyesha usiku wa Oktoba 2005 mjini Houston. Cardinals walikuwa nyuma kwa 4 kwa 2, katika mchezo ambao kuupoteza kulimaanisha kufunga mwaka. Ni awamu ya mwisho, wachezaji wao wawili wameshatolewa, na amebaki mmoja. Mrushaji wa Houston, Brad Lidge, ni miongoni mwa waliokuwa wakiogopwa zaidi wakati huo. Wakimbiaji wawili wako vituoni. Pujols anaupiga mpira juu sana, na uwanja uliokuwa ukipiga kelele unanyamaza ghafla. Cardinals walishinda 5 kwa 4. Siku mbili baadaye walitolewa hata hivyo, na sioni kwamba hilo linapunguza chochote. Ubingwa aliupata mwaka 2006, kisha 2011, ambapo katika mchezo wa tatu wa fainali alipiga homurani tatu usiku mmoja. Kabla yake waliokuwa wamefanya hivyo katika fainali ni wawili tu, Babe Ruth na Reggie Jackson.

Hapo ndipo alipoondoka. Desemba 2011 alikubali mkataba wa miaka kumi na Los Angeles Angels, wenye thamani ya dola milioni 240. Alikuwa anakaribia miaka 32.

Yaliyofuata ndiyo silaha ya mwenzangu wa chumba. Mguu ulimsumbua, na mwaka 2013 msimu wake ulikatika katikati. Mbio, ambazo hata awali hazikuwa nyingi, ziliisha kabisa, ikawa akipiga mpira wa chini kuelekea kwa walinzi anatolewa yeye pamoja na mwenzake aliyekuwa kituoni. Rekodi ya kutolewa wawili kwa mpira mmoja ni yake hadi leo. Wastani wake wa miaka yote ya Angels ni 0.256. Wa miaka kumi na moja ya kwanza ya Cardinals ulikuwa 0.328. Alipomaliza kazi, wastani wa maisha yake yote ulikuwa umeteremka hadi 0.296. Namba iliyoanza na tatu kwa karibu miaka ishirini sasa inaanza na mbili. Mei 2021 Angels walimwacha kabla mkataba haujaisha, wastani wake wa mwaka huo ukiwa 0.198.

Sina haja ya kulipamba jambo hilo. Ni mteremko mrefu na haupendezi kuutazama. Swali langu ni kama mteremko una uwezo wa kurudi nyuma na kuufuta mlima.

Kuna kisa kilichonifanya niliulize swali hili kwa uzito. Mwalimu wetu wa michezo katika shule ya sekondari alikuwa amesoma hapo hapo, na jina lake lilikuwa kwenye ubao karibu na stoo ya vifaa, ubao wa wachezaji bora wa shule. Alikuwa amepita miaka arobaini. Jumamosi moja ya Septemba 2022 alikuja mazoezini akiwa na furaha kama mtoto, akatuonyesha kwenye simu homurani ya 700 ya Pujols, ambayo kwa saa za kwetu ilikuwa imepigwa asubuhi hiyo hiyo. Kisha akachukua gongo, akamwambia mrushaji wetu, "Haya kijana, tupa, usinihurumie." Akakosa mara tatu. Tulicheka sote. Mimi nikaongeza, kwa sauti ya kusikika, kwamba pengine jina lile ubaoni aliliandika mwenyewe. Alinisikia. Aliniambia tu, "Kusanya mipira," akaenda zake kivulini.

Jina lile liliandikwa kwa ajili ya michezo iliyochezwa kabla sijazaliwa. Kukosa kwake mpira mbele yetu kulinieleza hali ya macho na mabega yake mwaka 2022, basi. Kuhusu michezo ile ya zamani hakukunieleza lolote. Mimi niliyasoma mambo mawili tofauti kana kwamba ni moja, na ndivyo anavyofanya mwenzangu anaposoma namba za Angels.

Tukiwatendea wengine hivyo, nani atabaki? Babe Ruth alimalizia Boston Braves mwaka 1935, akacheza michezo 28 na wastani wa 0.181. Hank Aaron alimalizia Milwaukee mwaka 1976 na homurani 10 na wastani wa 0.229. Willie Mays, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mlinzi bora wa uwanja wa kati aliyewahi kuwapo, alijikwaa akiufuata mpira katika fainali za 1973 akiwa na miaka 42, mbele ya macho ya nchi nzima. Picha ile inatajwa hadi leo kama mfano wa mtu aliyechelewa kuondoka. Hata hivyo sijasikia mtu akidai Mays atolewe kwenye orodha ya wakubwa. Tofauti ya Pujols ni muda: wenzake walishuka kwa mwaka mmoja au miwili, yeye kwa kumi. Nakubali. Lakini urefu huo ulitokana na mkataba, na mkataba uliandikwa na klabu iliyojua kuhesabu umri. Alipokuwa bora kuliko karibu kila mtu, mwaka 2001, alilipwa kima cha chini cha ligi, dola 200,000. Biashara hii hulipa kwa kuchelewa, kisha huwalaumu wazee kwa malipo yaliyochelewa.

Hapa wanaompenda Pujols kwa sababu ya 2022 wataanza kupiga makofi, nami nawaomba wasubiri kidogo, maana sasa ni zamu yao.

Mwaka 2022 alirudi St. Louis akiwa na miaka 42. Kanuni ilikuwa imebadilika, ligi yote ikaruhusu mpigaji asiyelazimika kulinda uwanja, na bila mabadiliko hayo ni vigumu kuona angepangwa wapi. Alipangwa zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao huwa rahisi kwake. Hadi mapumziko ya Julai alikuwa na homurani 6. Baada ya hapo akapiga 18. Tarehe 23 Septemba, mjini Los Angeles, alipiga ya 699 na ya 700 katika mchezo mmoja. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote za mwaka ule, na mimi niliifuata kama kila mtu. Lakini hadithi nzuri si hoja. Kama miaka ya Angels haiwezi kumtoa, basi homurani 222 alizopiga katika miaka hiyo haziwezi kumwingiza. Hatuwezi kuyakubali mapigo ya mzee na kuyakataa makosa yake. Zote ni namba za mtu yule yule, za miaka ile ile.

Kwa hiyo mimi naziacha zote. Nachukua 445 tu, homurani alizokuwa nazo alipoondoka St. Louis mwaka 2011, na nina wajibu wa kukubali gharama yake: Pujols wangu si wa nne katika historia nyuma ya Bonds, Aaron na Ruth. Katika orodha ya homurani yuko mbali huko chini. Bado ana tuzo tatu za mchezaji bora, ubingwa mara mbili, wastani wa 0.328, na mwanzo usio na mfano. Miongoni mwa walinzi wa kituo cha kwanza namweka wa pili, baada ya Lou Gehrig. Na Gehrig mwenyewe ana wastani wa 0.340 ambao uzee haukupata nafasi ya kuugusa, kwa sababu ugonjwa ulimtoa uwanjani mwaka 1939 akiwa na miaka 35, akafariki miaka miwili baadaye. Tunazisifu namba zake kwa usafi wake bila kukumbuka usafi huo ulipatikana vipi. Sandy Koufax naye, mrushaji, aliacha akiwa na miaka 30 kwa sababu mkono wake uliuma kupita kiasi. Hawakustaafu kwa hekima. Walizuiwa.

Kuna hoja moja ya mwenzangu ambayo sijaweza kuijibu vizuri. Anasema: mpigaji anayeshuka hashuki peke yake. Katika miaka yote ile Angels walikuwa na Mike Trout, mchezaji bora wa kizazi chake, na wakiwa na Pujols walifika michezo ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, wakatolewa bila kushinda mchezo hata mmoja. Zamu alizopewa mzee zilinyimwa kijana fulani. Hilo ni kweli, na ni lawama ya haki kwa waliopanga timu, na kwa kiasi fulani kwake pia. Ninachoweza kusema ni kwamba linahusu kama alipaswa kucheza mwaka 2019. Mimi naulizwa alikuwa nani mwaka 2009.

Mwenzangu aliposoma rasimu ya makala hii alisema nimemwondoa Pujols kwenye 700 ili nimpitishe dirishani. Nikamwambia dirisha lilikuwa wazi tangu 2011: Jumba la Wachezaji Mashuhuri la Cooperstown linadai misimu kumi tu, na yeye alikuwa na kumi na moja. Jina lake litaruhusiwa kuingia katika kundi la 2028, na anahitaji kura asilimia 75. Zaidi ya hapo ubishi wetu umekwama. Mwalimu wangu nilimwona mara ya mwisho likizo iliyopita, karibu na ile stoo. Bado hupiga Jumamosi, na bado hukosa.